Kulielewa Ini Kando ya Ziwa

Kiswahili hakikulipa ini kazi ndogo. Mtu aliyeumizwa kwa maneno makali husemwa kuwa amekatwa maini. Mipango iliyoharibika husemwa kuwa imetumbukia nyongo, na nyongo yenyewe, ijulikanavyo, ni zao la ini. Na katika mashairi ya mahaba ini hutajwa bega kwa bega na moyo kuwa ndipo maumivu ya mapenzi yanapotua. Msomi wa fasihi hupita juu ya misemo hiyo kwa wepesi kwa sababu ameizoea. Aghalabu haulizi ni kwa nini wahenga walilichagua ini, kiungo kisichodunda kama moyo wala kunguruma kama tumbo, kiungo ambacho mtu mwenye afya anaweza kuishi nacho miaka sitini asikumbuke hata siku moja kwamba anacho.

Mwanafunzi anayezungumziwa katika makala haya alizaliwa na kulelewa Kisauni, Mombasa, na alipokwenda Kisumu kusomea uuguzi alikuwa akiyafahamu maini ya aina mbili tu: maini ya washairi, aliyoyasoma shuleni, na maini ya jikoni, yale ya mbuzi yanayokaangwa kwa vitunguu na kukamuliwa ndimu. Ini la tatu, lile la mgonjwa, alikutana nalo kando ya Ziwa Victoria, na halikukubali kueleweka kwa siku moja.

Darasani mambo yalikuwa mepesi. Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Hutengeneza nyongo ya kusaidia kusaga mafuta. Huweka akiba ya sukari na kuitoa mwili unapoihitaji. Hutengeneza albumini, protini inayozuia maji ya damu yasivuje nje ya mishipa, pamoja na protini zinazoifanya damu igande. Huigeuza amonia, sumu inayozalishwa matumboni, kuwa yurea ambayo figo huitoa kwa mkojo. Huvunjavunja dawa na pombe. Mwanafunzi aliyakariri hayo yote kama mtoto anavyokariri ngeli za nomino, yaani bila kuona ni kitu gani kinachoyaunganisha.

Kilichomsaidia kwanza ni picha aliyoichukua nyumbani. Mtoto wa Mombasa anajua forodha ni nini. Robo tatu hivi ya damu inayoingia kwenye ini haitoki moja kwa moja moyoni, bali hutoka matumboni kwa mshipa mmoja mkubwa, ikiwa imebeba vitu vingi vilivyofyonzwa kutoka kwenye chakula. Shehena hiyo hairuhusiwi kuingia mjini kabla ya kupita forodhani, ikafunguliwa, ikakaguliwa, iliyo sumu ikaondolewa na iliyo ya akiba ikatiwa ghalani. Robo inayobaki huletwa na ateri ikiwa na oksijeni nyingi, mithili ya posho ya maafisa wa forodha wenyewe.

Basi forodha huweza kuharibika kwa njia mbili. Maafisa wanaweza kufa mmoja baada ya mwingine, kazi ikalala na mageti yakabaki wazi. Au maafisa wanaweza kuwapo wote, tena wazima, lakini barabara ya kuingilia ikazibwa, shehena ikarundikana nje, na wenye mali wakaanza kutafuta njia za panya. Kwa mpita njia, hali zote mbili ni moja: forodha imekwama. Kwa muuguzi, tofauti baina yake ndiyo inayoamua amwangalie nini mgonjwa wake usiku kucha. Mwanafunzi aliiona tofauti hiyo kwa wanaume wawili waliolazwa katika vitanda vilivyotazamana, ndani ya wadi ya hospitali moja ya umma mjini Kisumu.

Wa kwanza alikuwa mvuvi wa makamo kutoka upande wa Mbita. Aliletwa usiku baada ya kutapika damu, beseni nzima kwa maneno ya mkewe. Kulipokucha, baada ya kuongezwa damu na kupumzika, alikuwa akizungumza sawasawa na watu wote, akitania, akitaka kujua mbuta inauzwa bei gani Dunga siku hizo. Macho yake yalikuwa meupe. Bandama, au wengu kama wengine waitavyo, ambayo kwa kawaida haigusiki kwa mkono, ilikuwa imevimba na kuteremka hadi karibu na kitovu.

Mwanafunzi alimhoji kwa kufuata fomu. "Baba, umewahi kuugua kichocho?"

"Hapana."

"Umewahi kukojoa damu?"

"Sijawahi, nyathina." Neno hilo la Kijaluo, lenye maana ya "mwanangu", ndilo alilomwita tangu asubuhi ya kwanza.

Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli, na yote mawili hayakufaa kitu. Hapa lugha ndiyo iliyopotosha. Neno kichocho lilipata sura yake Pwani, ambako mnyoo ulioenea ni ule unaokaa katika mishipa ya kando ya kibofu, na dalili yake kuu ni damu kwenye mkojo. Kwale na Kilifi, swali la mwanafunzi lingetosha. Lakini mnyoo uliotapakaa katika fukwe za Ziwa Victoria ni wa jamii nyingine: hukaa katika mishipa ya utumbo, mayai yake hutoka kwa choo kikubwa, na mtu anaweza kuishi nao tangu utotoni hadi uzeeni asione hata tone la damu kwenye mkojo. Wataalamu huutofautisha kwa kuuita kichocho cha tumbo, ila jina hilo halijafika mbali kwenye vinywa vya watu. Afisa wa kliniki aliyekuwa zamu aliuliza swali jingine kabisa: "Mzee, umekaa majini miaka mingapi?" Mvuvi akacheka. "Tangu nilipojua kutembea."

Safari ya mnyoo huo imefahamika kwa muda mrefu. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa jamii hiyo mwaka 1851 jijini Cairo, ndani ya mishipa ya maiti, na kwa jina lake ugonjwa ukaitwa bilharzia. Choo kinapoingia majini, mayai huanguliwa. Viluwiluwi vyake humtafuta konokono mdogo wa maji baridi, huzaana ndani yake, kisha hutoka kwa maelfu wakiwa na mkia wa kuogelea na huipenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Hawahitaji jeraha. Huingia damuni, hupitia mapafuni, hukomaa ndani ya ini, kisha dume na jike hushikamana na kwenda kuishi katika mishipa ya utumbo kwa miaka. Jike hutaga hadi mayai 300 hivi kwa siku. Baadhi hutoka na choo. Mengine hukosa njia, husombwa na damu, na damu hiyo, kama ilivyokwishaelezwa, huelekea forodhani.

Si wavuvi peke yao wanaolipa ushuru huo. Wachimba mchanga, akina mama wanaofua na kuosha vyombo ufukoni, watoto wanaoogelea baada ya shule, wote wamo. Kisumu ina kundi moja ambalo limeingia hata katika vitabu vya sayansi ya dunia: waosha magari, wale vijana waliokuwa wakiyaingiza magari ukingoni mwa ziwa na kuyasugua huku maji yakiwafika magotini. Watafiti waliwafuata kwa miaka, wakiwatibu na kuwapima tena na tena, na mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walianza kujenga kinga dhidi ya kuambukizwa upya, ilhali wenzao waliosimama katika maji yaleyale waliendelea kuambukizwa kama mwanzo. Kwa hivyo matumaini ya watu wanaosaka chanjo ya kichocho yana deni kwa vijana wa Kisumu waliokuwa wakitafuta riziki ya siku.

Mayai yaliyokwama kwenye ini hayaui chembe zake. Mwili wenyewe ndio unaoyazungushia ukuta, kovu juu ya kovu, kwa kufuata matawi ya ule mshipa mkubwa utokao matumboni. Mwaka 1904 mchunguzi wa maiti aliyeitwa Symmers, naye akiwa Misri, aliyafananisha makovu hayo na mashina ya viko vya udongo vilivyopenyezwa ndani ya ini. Kati ya shina na shina, nyama ya ini hubaki nzima na hufanya kazi yake. Ndiyo sababu macho ya mvuvi hayakuwa ya manjano, akili yake haikuvurugika, na damu yake iliganda vyema kiasi. Maafisa wote wapo kazini. Barabara ndiyo iliyozibwa. Damu inayozuiwa hurudi nyuma ikaivimbisha bandama, kisha hutafuta njia za panya, na mojawapo ya njia hizo ni vijimishipa vyembamba vya umio, yaani koo la chakula. Hivyo havikuumbwa kwa mzigo huo. Hutanuka, hupinda, na siku moja hupasuka.

Picha ya forodha haikumfaa mvuvi, ambaye hakuwa na shughuli na bandari. Mwanafunzi alipomweleza alitumia Mto Nyando. Mtu yeyote wa upande ule anajua kinachotokea mto huo unaposhindwa kupeleka maji yake ziwani upesi: maji hayaondoki duniani, huingia mashambani na majumbani huko Ahero na Kano. Mvuvi alisikiliza, akanyamaza kidogo, akauliza swali ambalo mwanafunzi alilinukuu katika daftari lake: "Kwa hivyo dawa ya minyoo itaua minyoo, lakini ukuta utabaki?" Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyefikia hatua ile. Prazikwanteli humaliza minyoo, na kwa mtoto au kijana huweza kuyapunguza makovu machanga. Kwa kovu la miaka thelathini, haiahidi mengi. Linalobaki ni kuifunga mishipa ya umio kwa mipira midogo kwa kutumia kamera inayoingizwa kooni, na kumpa vidonge vya kupunguza msukumo wa damu.

Kitanda cha pili kilikuwa na kijana mshona viatu, aliyezaliwa miaka michache kabla ya 2001. Mwaka huo unatajwa makusudi. Ndio mwaka ambao Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini aina ya B, pamoja na zile nyingine, wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Waliotangulia hawakuipata utotoni. Virusi hivyo vikimwingia mtu mzima, mara nyingi mwili huvifukuza. Vikimwingia mtoto mchanga, hasa kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa, katika watoto tisa kati ya kumi huweka makao ya kudumu. Hukaa kimya miaka ishirini, thelathini, vikila taratibu. Kijana huyo hakuwa mlevi, jambo ambalo mama yake alilisema kwa kila aliyevaa sare, kwa sababu mtaani tumbo likivimba na macho yakigeuka rangi, watu hukata shauri papo hapo kwamba ni chang'aa.

Macho yake yalikuwa na rangi ya bizari. Hapa pia mwanafunzi alikwama kwenye neno. Majirani waliita hali hiyo homa ya manjano, ambalo ni jina la ugonjwa mwingine kabisa unaoletwa na mbu. Wazee wa kwao Pwani wangeweza kusema safura, neno lililotoka kwenye Kiarabu cha rangi ya manjano na nyongo, ila katika matumizi ya leo safura imehamia kwa wenye minyoo ya tumbo waliopungukiwa damu. Manjano ya macho si ugonjwa. Ni bilirubini, taka ya chembe za damu zilizozeeka, ambayo ini likiwa zima huichukua na kuitoa kwa nyongo. Likizidiwa, taka hiyo hubaki mwilini na kuipaka rangi ngozi. Ni moshi tu. Moto uko kwingine.

Katika ini la kijana huyo, maafisa wenyewe ndio waliokuwa wamekufa. Albumini ilipungua, maji yakavuja na kujaa tumboni hata kitovu kikatokeza nje. Alipochomwa sindano, mahali pale palivuja damu muda mrefu. Sukari ilishuka alfajiri, kwa kuwa ghala lilikuwa tupu. Mwanafunzi alijifunza kumpima uzito kila asubuhi na kulizungushia tumbo utepe wa kupimia mahali palepale palipotiwa alama ya kalamu, kwa sababu utepe ukisogea kidogo tu namba zitasema uongo. Alijifunza pia kumwambia anyoshe mikono mbele na kukunjua viganja kama anayezuia gari: viganja vilipigapiga kama mbawa za ndege anayetua, na mgonjwa hakuweza kuvizuia.

Mtetemeko huo ni wa ubongo. Amonia iliyokuwa igeuzwe yurea imepita bila kukaguliwa na kufika kichwani. Kwanza mtu hulala mchana na kukesha usiku. Kisha husahau siku. Kisha hukasirika bila sababu, au hucheka. Sista mmoja wa wadi ile, aliyekaribia kustaafu, alimfundisha mwanafunzi njia ya kufuatilia jambo hilo isiyohitaji mashine: kila asubuhi mgonjwa aandike jina lake kwenye karatasi ileile. Karatasi hiyo ndiyo iliyomfunza mwanafunzi kuliko kitabu chochote. Mstari wa Jumatatu ulikuwa mwandiko wa mtu aliyesoma, wenye mkato wa madaha mwishoni. Jumanne herufi zilipanda mlima. Jumatano herufi mbili zilibadilishana nafasi. Alhamisi jina lilianza vizuri likaishia katikati, kama msafiri aliyesahau aendako. Ijumaa palikuwa na alama tu, na kijana aliitazama alama hiyo kwa kuridhika, akairudisha kalamu kwa adabu.

Dawa aliyopewa iliwatatiza ndugu zake. Ilikuwa maji matamu ya laktulozi, ambayo humfanya mtu aende choo laini mara mbili au tatu kwa siku na kuiondoa amonia kupitia huko. Shangazi mmoja alilalamika kwamba mtu amechanganyikiwa kichwani, nanyi mnamharisha! Lalamiko lenyewe lilikuwa na mantiki. Aliyetaka kulijibu ilimbidi aeleze njia yote kutoka utumboni hadi ubongoni, na mwanafunzi alipoieleza kwa mara ya kwanza bila kutazama daftari, ndipo alipotambua kwamba sasa ameielewa. Kulikuwa pia na suala la samaki. Kitabu kimoja cha zamani katika maktaba ya chuo kilimkataza mgonjwa wa namna hii protini, na mjomba wa kijana alikuwa amesikia hivyo kutoka kwa mtu fulani, akawa anarudisha nyumbani ngege aliyepikwa na mama. Elimu ya leo imeliacha katazo hilo: mwili uliokwisha kukonda huila misuli yake wenyewe, na misuli husaidia kuiondoa amonia. Mgonjwa anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kinachopunguzwa ni chumvi. Ngege akarudishwa kitandani, mchuzi wake ukiwa hauna ladha, na kijana akala nusu.

Jioni ya Ijumaa daktari aliiambia familia ukweli. Alisema kwa Kiswahili kwamba ini la kijana limeshindwa kabisa. Mama hakukielewa vizuri Kiswahili cha daktari, na mhudumu mmoja wa wadi akamtafsiria.

Hapana budi kueleza hapa kwamba Dholuo lina neno chuny. Chuny ni ini, lile la ng'ombe na lile la mtu. Na chuny vilevile ni roho, nafsi, mahali ambapo furaha na huzuni ya mtu hukaa. Moyo unaodunda kifuani una jina lake, adundo. Kwa hivyo Wajaluo na washairi wa Kiswahili, bila kukutana kwenye kongamano lolote, walikubaliana kuhusu ini. Lakini makubaliano hayo usiku ule yalizaa jambo zito. Mama hakusikia habari za kiungo kilichoko chini ya mbavu. Alisikia kwamba roho ya mwanawe imekata tamaa.

Mwanafunzi, aliyekuwa zamu ya usiku, alimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amemshika kijana mkono, anamsemesha kwa sauti ya chini isiyokoma. Alimuuliza mhudumu mama anasema nini. "Anamwambia asikubali kushindwa. Anamkumbusha mtoto wake. Anamwambia kwamba hata yeye alipofiwa na mume alitaka kukata tamaa lakini akavumilia." Saa tisa usiku sauti ilibadilika kidogo; mama alikuwa akimgombeza sasa, kwa upole, kama anavyogombezwa mtoto mvivu asiyetaka kuamka kwenda shule.

Asubuhi mwanafunzi alimwomba mhudumu wakae naye. Hawakutafuta neno jingine la ini, kwa maana halipo, walitumia mikono. Mwanafunzi aliweka kiganja chini ya mbavu zake za kulia, akamwomba mama afanye vivyo hivyo, na mhudumu akaeleza kwamba ni chuny hii, ya nyama, inayoumwa, na kwamba ile nyingine ya mwanawe haijakosa lolote. Mama alikaa muda mrefu kiganja kikiwa palepale. Kisha aliuliza kama basi mwanawe alikuwa akimsikia usiku ule. Mhudumu alisema huenda alisikia. Kijana alifariki siku ya pili yake, mchana, akiwa usingizini.

Baada ya msiba huo mwanafunzi alianza kulichunguza lile neno la daktari. Kushindwa ni neno la vita na la mchezo. Aliyeshindwa ana mshindi wake, na pengine ana lawama. Magazeti ya Kenya hupenda kusema kiungo kimefeli, kana kwamba ini lilikalia mtihani na kupata alama mbaya. Kuharibika kunamfaa mvuvi na kijana kwa pamoja, hivyo hakutofautishi chochote. Mwishowe alilipenda neno kulemewa. Ini lililolemewa ni la mchukuzi aliyebeba hadi nguvu zikamwishia, hana kosa. Na neno hilo linaafikiana na sayansi yenyewe, maana ini huwa na akiba kubwa ya nguvu na huweza kupoteza sehemu yake nyingi kabla ya dalili kuonekana. Kwa mvuvi angesema ini limezibiwa njia. Maneno mawili, magonjwa mawili.

Sista wa makamo hakuafiki. "Kulemewa ni neno la mtu anayeweza kutuliwa mzigo," alisema. "Ukimwambia mama ini limelemewa, kesho atakuuliza nani atamtua. Utamjibu nini?" Kijana yule angeweza tu kutuliwa kwa kupandikizwa ini la mtu mwingine, tiba ambayo haikuwamo katika uwezo wa wadi ile wala wa familia ile. Hoja ya sista ni nzito na mwanafunzi hakupata jibu lake. Yafaa wasomaji wa jarida hili walifikirie wao pia. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa, na vyama vya Kiswahili vimeshughulika kwa bidii na istilahi za fonimu na mofimu, kazi njema isiyopingika. Lakini anayesimama mbele ya mama saa kumi na moja jioni bado hujitungia mwenyewe, kwa haraka, na anayetafsiri ni yeyote aliye karibu.

Mvuvi aliruhusiwa kwenda nyumbani wiki iliyofuata. Mwanafunzi alimwelekeza vidonge vyake, akamweleza dalili za kumrudisha hospitali upesi: choo cheusi kama lami, kizunguzungu, kutapika damu hata kidogo. Akamwambia arudi baada ya miezi kadhaa ili koo litazamwe tena kwa kamera. Kuhusu maji hakujua aanzie wapi. Alimwambia kwamba akiingia tena ziwani, ataambukizwa tena.

"Ziwa ndilo shamba langu, nyathina," alisema mvuvi, bila ubishi. Akaikunja karatasi ya miadi, akahesabu kwa vidole, akauliza kama tarehe inaweza kusogezwa mbele kidogo, iangukie kwenye miezi ya kufungwa uvuvi wa omena, ambayo kwa desturi huanza Aprili. Wakati huo, alisema, atakuwa na nafasi. Mwanafunzi alikwenda kumwomba karani abadilishe tarehe.